Kwa somo yangu, kuhusu ndege zilizobaki karatasini

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Huku hatujambo wote, na mama anakusalimu sana, anauliza lini utavuka mpaka tena uje umwone. Shemeji na watoto wape salamu zangu. Barua yako niliipokea, na nimeona nisikujibu kwa simu, maana ulichouliza hakitoshi kwenye simu.

Umesema wanafunzi wako wa kidato cha nne wamekung'ang'ania na swali moja: eti ni kweli Wajerumani, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, walikuwa na ndege ya kivita iliyopaa wima kutoka uani mwa kiwanda bila kuhitaji uwanja, na vita vingechelewa kwisha miezi michache wangeshinda nayo? Na mwenzako mmoja pale shuleni amewaambia ndiyo. Wewe ukaona ulilete kwangu, kwa kuwa nashinda hanga, kwenye karakana ya ndege. Umefanya vizuri, somo. Jambo hili nimelipenda tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na linaniuma likisimuliwa vibaya.

Ndege hizo walizoziona kwenye picha hazikuruka. Wala hazikuundwa. Zile picha za rangi ambazo vijana wanaziona, ndege ikipanda mawinguni na moshi nyuma yake, zimechorwa na wasanii miaka mingi baada ya vita. Kilichokuwepo ni michoro ya wahandisi, mahesabu, na vielelezo visivyoruka, vingi vidogo vya kupimwa kwenye mkondo wa upepo. Lakini usiwaambie kuwa ulikuwa upuuzi, maana haukuwa. Walioichora walikuwa mafundi hodari waliokuwa wakikabiliana na tatizo la kweli.

Mwaka 1944 Wamarekani walikuwa wamepata ndege ya kusindikiza, P-51 Mustang, iliyoweza kufika mpaka Berlin na kurudi Uingereza. Tangu hapo anga ya Ujerumani haikuwa tena ya Wajerumani. Mustang zilishuka chini na kushambulia viwanja vyenyewe. Hata Me 262, ndege ya jeti iliyokuwa na kasi kuliko zote, ilikuwa na udhaifu pale pale: ilihitaji njia ndefu ya kurukia, na wakati wa kupaa au kutua ilikuwa nzito, ya polepole, rahisi kudunguliwa. Sasa jiweke mahali pa mhandisi wa kiwanda. Viwanja vinapigwa kila siku. Utaacha kufikiria ndege isiyohitaji kiwanja?

Wazo lenyewe lilikuwepo zamani, na si huko Ujerumani. Mvumbuzi Nikola Tesla alipewa hataza yake (haki rasmi ya ubunifu) ya mwisho kabisa Marekani tarehe 3 Januari 1928, akiwa na miaka 71, na ilihusu ndege ya mabawa mawili inayosimama kwa mkia, inapanda wima kwa propela yake, kisha inajilaza taratibu mpaka inaruka kama ndege nyingine. Haikuundwa. Injini ya kuibeba haikuwepo.

Hapo ndipo pa kuanzia na wanafunzi wako, somo. Ndege ya kawaida haibebwi na injini. Inabebwa na hewa inayopita kwenye mabawa, na injini inafanya kazi ya kusukuma mbele tu. Ndiyo maana Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani yenye zaidi ya tani tatu ikiwa imejaa mafuta na risasi, ilipaa kwa injini moja ya pistoni ya DB 605 ambayo isingeweza kuining'iniza hewani hata sekunde moja. Ukitaka ndege ipae wima, mabawa hayakusaidii kitu. Propela peke yake inabeba uzito wote.

Wa kwanza kulishika suala hili kwa uzito, kwa maoni yangu, alikuwa mhandisi Henrich Focke wa Bremen, Ujerumani. Huyu ndiye aliyeunda Fw 61, helikopta iliyoruka mara ya kwanza Juni 1936 na kuonyesha kwamba kupaa wima na kuongoza chombo sawasawa kunawezekana. Februari 1938 rubani Hanna Reitsch aliirusha ndani ya ukumbi wa Deutschlandhalle, Berlin, chini ya paa, mbele ya watazamaji. Focke alikuwa ameshasukumwa nje ya kampuni ya Focke-Wulf iliyobeba jina lake, akaanzisha nyingine na rubani Gerd Achgelis. Hao wawili ndio waliobuni Fa 269, kuanzia 1941.

Fa 269 ni mchoro ninaoupenda kuliko yote. Injini moja ya BMW 801 iko ndani ya kiwiliwili, nyuma ya rubani. Kutoka hapo vyuma virefu vinavyozunguka vinapita ndani ya mabawa na kupeleka nguvu kwenye propela mbili kubwa zilizo nyuma ya bawa, moja kila upande. Wakati wa kupaa propela zinaelekezwa chini, kiasi cha nyuzi 85, zinaisukuma ndege juu. Ikishafika angani, zinarudishwa taratibu mpaka zinasukuma kwa nyuma, na mabawa yanachukua kazi yao. Rubani anabaki ameketi wima mwanzo hadi mwisho, anaona ardhi, anaona upeo wa macho. Shika hilo, nitalirudia. Walifika hatua ya kielelezo cha mbao cha ukubwa kamili na vipimo vya upepo, mabomu ya Washirika, yaani Waingereza, Wamarekani na wenzao, yakaharibu sehemu kubwa ya kazi, na kufikia 1944 mradi ukaachwa. Ningekuwa na ruhusa ya kuchagua mmoja tu uundwe, ningechagua huu, ingawa naogopa zile giaboksi, yaani masanduku ya gia yanayopitisha nguvu ya injini. Mimi nafungua giaboksi za helikopta za sasa, za chuma safi na mafuta bora, na bado tunazichungulia kila mara kutafuta vipande vidogo vya chuma kwenye mafuta. Kwa vyuma vya Ujerumani ya 1943, nchi iliyokuwa imeishiwa nikeli na madini mengine ya kuimarisha chuma, sijui rubani gani angekubali.

Ile ambayo vijana wako wameiona picha yake, kwa jinsi ulivyoieleza, yenye pete kubwa, ni Lerche ya kampuni ya Heinkel. Ilichorwa Vienna mwishoni mwa 1944 na mwanzoni mwa 1945, baada ya nduguye mdogo aliyeitwa Wespe. Bawa lake limekunjwa likawa duara kamili, na ndani ya duara hilo zimo propela mbili, moja ikizungukia kulia na nyingine kushoto, ili mwili wa ndege usigeuzwe upande. Injini ni mbili za DB 605, zimepangwa moja mbele ya nyingine. Silaha ni mizinga miwili ya milimita 30. Ndege nzima inasimama kwa mkia, karibu mita tisa na nusu kwenda juu, na rubani yuko kileleni kabisa, amelala kifudifudi.

Tuipigie hesabu, wewe ndiye mwalimu wa fizikia utanisahihisha. Uzito ulikadiriwa tani 5.6, yaani nyutoni 55,000 hivi. Kipenyo cha duara ni mita 4, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 12.6. Ili kuning'iniza uzito huo, hewa inayopita kwenye propela lazima isukumwe chini kwa kasi ambayo ni mzizi wa mraba wa uzito ukigawanywa kwa mara mbili ya msongamano wa hewa mara eneo. Napata mita 42 kwa sekunde. Zidisha kwa uzito, unapata megawati 2.3, zaidi kidogo ya nguvu za farasi 3,100. Hiyo ni kwa propela isiyopoteza chochote, na propela ya namna hiyo haipo duniani. Ya kweli inapoteza robo, pengine zaidi, hivyo unahitaji zaidi ya 4,000. DB 605 mbili za mwisho, zikikamuliwa mpaka ukomo wake wa dakika chache, zilitoa kama 2,000 kila moja.

Unaona walipokuwa wamesimama? Ukingoni kabisa. Pete inasaidia, kwa sababu inazuia hewa isivuje kwenye ncha za propela, na nadhani ndiyo sababu waliing'ang'ania. Kwa hiyo kwenye karatasi ilikuwa inapaa. Lakini injini moja ikikohoa ndege ikiwa mita hamsini juu, nusu ya nguvu imekwenda, hakuna bawa la kuitelezesha, na rubani hana muda wa kuruka kwa mwavuli.

Halafu kuna Triebflügel ya Focke-Wulf, ya Septemba 1944. Watu humpa Henrich Focke sifa za ndege hii kwa sababu ya jina la kampuni, na si haki, yeye alikuwa ameshaondoka zamani. Hii iliacha injini za pistoni kabisa. Mabawa matatu yamefungwa kiunoni mwa ndege kwenye mkanda unaozunguka, na kila bawa lina injini ya ramjeti kwenye ncha yake, aina aliyoibuni Otto Pabst. Ramjeti haina kitu kinachozunguka ndani, inategemea kasi yake yenyewe kubana hewa, hivyo haiwaki ikiwa imesimama. Dawa yake ikawa roketi ndogo za kuyazungusha mabawa mpaka kasi itoshe, kisha ramjeti ziwake. Uzuri wake ni kwamba msukumo uko kwenye ncha za mabawa, hakuna mhimili unaozungushwa kutoka ndani ya mwili, na kwa hiyo mwili hauna sababu kubwa ya kuzunguka upande wa pili. Tatizo gumu la helikopta linapotea. Mhandisi aliyeliona hilo lazima alilala vizuri usiku ule. Walikisia itafika kilomita 1,000 kwa saa. Kielelezo kidogo kilipimwa kwenye mkondo wa upepo wa kasi kubwa, na hapo ndipo ilipoishia.

Sasa turudi kwa rubani. Nikiitazama michoro hii ya ndege za kusimama kwa mkia, naona akili nyingi sana imetumika kwenye kupanda. Kutua kumeachwa kama jambo ambalo rubani atalimaliza mwenyewe. Ndege ikisimama wima, rubani aliyeketi kwenye kiti cha kawaida analala chali, anaangalia mbingu, na ardhi inamjia kwa mgongoni. Anatakiwa ageuze shingo, achungulie juu ya bega, huku mkono mmoja unapunguza nguvu na mwingine unazuia ndege isiinamie upande, kama mtoto anayesimamisha ufito kwenye kiganja, ila ufito huu una tani tano na yeye yuko kwenye ncha. Kwenye Triebflügel mabawa yanayozunguka yako nyuma yake yanamziba asione. Na mambo yakiharibika, akiruka kwa mwavuli anapita wapi? Lerche ilikuwa na nafuu hapa, kwa sababu mtu aliyelala kifudifudi ndege ikiwa mlalo anakuwa amesimama ndege ikiwa wima. Naamini walimlaza kwa sababu hiyo zaidi ya sababu nyingine yoyote. Lakini bado chini yake kuna pete pana inayomziba asione anapokanyaga.

Mwenzako akisema nakisia tu, mwambie jambo hili lilijaribiwa kweli. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitaka ndege za kivita za kupaa kutoka kwenye meli ndogo, likaagiza mbili za kusimama kwa mkia, zenye injini ya turbopropu, yaani ya jeti inayozungusha propela. Lockheed XFV haikuwahi kupaa wala kutua wima. Iliwekewa miguu ya muda ikarushwa kama ndege za kawaida. Convair XFY, waliyoiita Pogo, ndiyo iliyothubutu. Tarehe 2 Novemba 1954 rubani Skeets Coleman aliipandisha wima, akailaza, akaruka, akaisimamisha tena na kuishusha kwa mkia. Heshima yote kwake. Lakini hata yeye, bingwa, alikuwa akishuka akiwa amegeuza kichwa nyuma, na ilikuwa wazi kwamba rubani wa kawaida, juu ya meli inayoyumba, asingeweza. Mradi ukafungwa. Wafaransa nao walijaribu ndege ya bawa la duara, C.450 Coléoptère, yenye injini ya jeti. Tarehe 25 Julai 1959 ilipoteza mwelekeo hewani ikaanguka, na rubani Auguste Morel akaokoka kwa kiti kinachomrusha rubani nje ya ndege, akiwa ameumia. Hao walikuwa na amani, pesa, na injini ambazo Heinkel hakuziota.

Ndipo nalijibu lile la kushinda vita. Kampuni hiyo hiyo ya Heinkel, mjini Vienna huko huko, miezi hiyo hiyo, iliunda ndege ya jeti ya He 162, ndogo, yenye mabawa ya mbao, kwa haraka ya ajabu: iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Desemba 1944, miezi mitatu tu tangu iagizwe. Siku nne baadaye, mbele ya wakubwa waliokuja kuitazama, gundi ya bawa iliachia, bawa likafumuka hewani, na rubani Gotthold Peter akafa. Gundi, somo! Nchi ilikuwa haina gundi nzuri ya kushika mbao. Nani angechonga giaboksi za Lerche? Injini za DB 605 zilikuwa zikigombewa na kila kikosi cha Messerschmitt, mafuta hayakuwepo, na katikati ya Aprili 1945 jeshi la Kisovieti lilikuwa limeshaichukua Vienna.

Na liko jambo ambalo nakuomba usiliruke darasani, hata kama muda ni mfupi. Viwanda vya Heinkel vya Vienna viliendeshwa kwa jasho la wafungwa wa Mauthausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Sehemu za He 162 ziliundwa chini ya ardhi, kwenye pango la Hinterbrühl, na wafungwa hao. Watu walikufa pale kwa njaa, kipigo na kazi. Kama Lerche ingeundwa, wangeiunda wao. Mimi napenda michoro, unanijua, naweza kukaa na mchoro mmoja usiku kucha. Lakini kijana akisema "laiti ingeundwa", ajue anatamani nini na kwa mikono ya nani. Mwambie hivyo kwa upole, kwa sababu hana kosa, hajaambiwa.

Focke mwenyewe alimaliza vipi? Baada ya vita alikwenda Brazil, mwaka 1952, na huko akarudia wazo lake la propela za kugeuka, safari hii akitumia kiwiliwili cha Spitfire ya Waingereza. Ndege hiyo, aliyoiita Convertiplano, nayo haikuruka. Injini aliyoitaka hakuipata, akalazimika kutumia nzito zaidi, na mwishowe mradi ukafa. Lakini V-22 Osprey ya Wamarekani, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1989, inageuza propela zake juu kwa kupaa na mbele kwa safari, rubani ameketi wima anaona anapokwenda, na ndani ya bawa lake kuna mhimili unaounganisha pande mbili ili injini moja ikizimika nyingine izungushe zote. Nikiuona mhimili huo kwenye mchoro namkumbuka yule mzee wa Bremen na BMW yake moja.

Wape wanafunzi zoezi hili, na usiwasaidie: Pogo ilikuwa na uzito wa kama kilo 7,370, propela zake zilikuwa na kipenyo cha mita 4.9, na turbopropu yake ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 5,000 ikiwa na uzito wa tani moja na kidogo. DB 605 moja ilikuwa na uzito wa kama kilo 750. Wafanye hesabu ile ile niliyoifanya kwa Lerche, kisha waseme wenyewe kwa nini moja iliondoka chini na nyingine ingesuasua. Nitumie majibu yao, hata ya wale waliokosea, nataka kuona wamekwamia wapi.

Mchoro wa Fa 269 nilioukopi kwa mkono nimeuweka ndani ya bahasha hii. Vipimo vya mabawa nimevikadiria kutoka kwenye picha, kwa hiyo usivitumie kwa hesabu. Yule binti uliyesema anachora vizuri, mpe yeye.

Mungu akuweke.

Wako wa siku zote,
Somo yako